Kuanza na Kufufua katika Kiingereza

Kiingereza kina vitenzi vingi vya kuanza jambo, na vya kuliendesha tena lililokoma ni vingi zaidi. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili huvigawia vyote maneno machache: anza, anzisha, zindua, fufua, rejesha, huisha. Msomaji hupata maana, ila hapati sababu inayomfanya mwandishi wa Kiingereza aandike "resume" hapa na "revive" pale. Vitenzi vya kuanza hutofautiana kwa aina ya kitu kinachoanzwa na kwa urasmi wa mahali. Vitenzi vya kufufua huongeza jambo la tatu: hutoa habari za siku za ukimya. Kitenzi kilichochaguliwa humwambia msomaji kama kitu kilikuwa kimepumzika, kimezimika, kimepitwa na muda wake au kimekufa.

Vitenzi viwili vya msingi ni "begin" na "start", na mara nyingi kimoja hukaa mahali pa kingine bila hasara. Mvua, somo, mkutano na kazi hukubali vyote viwili. Injini haikubali. Gari, jenereta na pampu ya maji huwashwa kwa "start" tu. Anayetumia "begin" kwa gari ataeleweka, na papo hapo atajulikana kuwa lugha si yake. "Start" ndicho pia kitenzi cha kufungua biashara, kuchokoza ugomvi, kueneza uvumi, kushika safari na kusababisha moto ulioteketeza nyumba. Moto wa kupikia, kwa kawaida, huwashwa kwa "light". Msemo "start a family" huwapotosha wengi: hauna habari ya ndoa, ni kupata mtoto wa kwanza.

Tofauti hiyo ina asili yake. Katika Kiingereza cha kale mzizi wa "start" ulikuwa na maana ya kuruka au kushtuka, na ndugu yake "startle" mpaka leo ni kumshtua mtu. Maana ya kuanza ilizaliwa baadaye sana, na ule mshtuko wa awali haujatoka: kitu kilichotulia kinaruka na kuanza kwenda. "Begin" kimekuwa na maana ya kuanza tangu enzi zile za kale, na kimebaki na utulivu unaofaa hadithi, hotuba na maandiko ya dini. Kiswahili kimepita njia jirani na hiyo kwa kitenzi zindua, ambacho humtoa mtu usingizini au kwenye kuzimia, na siku hizi huzindua vitabu na barabara.

Kwa maumbo, "start" hakisumbui. Huongezewa "-ed" yakaisha. "Begin" hugeuka kuwa "began" katika wakati uliopita, na kuwa "begun" baada ya kitenzi kisaidizi. Kosa la kuandika "has began" huwapata hata waliozaliwa na lugha hiyo. Kitenzi kinachofuata hutanguliwa na "to" au humalizikia kwa "-ing", na "it began to rain" na "it began raining" ni mamoja. Sikio la Mwingereza huchagua katika mahali pawili tu. Pale ambapo "begin" au "start" chenyewe kimeshapata "-ing", kinachofuata huchukua "to", kama katika "it is beginning to rain", kwa sababu "-ing" mbili zikifuatana hukwaruza. Na vitenzi vya mambo ya moyoni na akilini, kama kuelewa na kujua, hupendelea "to" pia: mtu "began to understand".

Jambo linalowasumbua zaidi wasemaji wa Kiswahili liko kwingine. Kiswahili hutenganisha kitu kinachoanza na mtu anayekianzisha: mchezo umeanza, mwamuzi ameuanzisha, mgonjwa amezinduka, daktari amemzindua. Kiambishi hufanya kazi yote. Kiingereza hakina kiambishi hicho, hivyo baadhi ya vitenzi hufanya kazi zote mbili bila kubadilika sura. "The match started" na "the referee started the match" ni sahihi zote. "Begin", "commence", "resume", "reopen" na "revive" vina uhuru huo huo. "Found", "establish", "initiate" na "inaugurate" havina. Kila kimoja kinadai mtendaji, na mtendaji asipotajwa sentensi lazima iingie katika kauli ya kutendwa. Shule "was established in 1950". Anayeandika kwamba shule "established in 1950" ameacha kishimo katikati ya sentensi, na msomaji atabaki akisubiri kuambiwa shule hiyo ilianzisha nini.

Neno dogo "from" nalo lina mtego. Kiswahili husema mkutano utafanyika kuanzia saa nane, na humo ndani ya "kuanzia" mna kuanza na mna kutoka kwa pamoja. Mwandishi akilihamisha hilo zima anapata "the meeting will start from two o'clock", sentensi inayosikika katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki na kumshangaza kidogo msomaji wa London. Kinachoanza kwa "start" huanza "at" saa fulani na "on" siku fulani. "From" hukaa vizuri pale jambo linapoendelea kwa muda mrefu: nauli mpya inatozwa "from Monday", mshahara mpya unalipwa "with effect from 1 July".

Juu ya "begin" na "start" kuna tabaka la maneno ya ofisini, nalo lina historia ya kisiasa. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala na baadaye ya mahakama. Ndiyo sababu Kiingereza kina jozi nyingi za maneno, moja la nyumbani na moja la barazani. "Commence" kiliingia kwa mlango huo. Maana yake haizidi ile ya "begin" hata chembe. Kinachozidi ni joho. Mikataba ya kazi na ya ujenzi hutaja "commencement date", na sheria za Tanzania hufunguliwa kwa kifungu cha jina fupi na kuanza kutumika, ambacho kwa Kiingereza ni "short title and commencement". Huko neno liko nyumbani. Katika barua ya kumwalika jirani kwenye harusi ni zito mno, na makarani wanalipenda kupita kiasi. Vyuo vikuu vya Marekani vina mzaha wa pekee: sherehe ya kuhitimu huitwa "commencement", kwa hiyo mwanafunzi husherehekea mwanzo siku anayomaliza.

"Initiate" ni kuanzisha mchakato ambao utaendelea hata kwa mikono ya wengine: mazungumzo, uchunguzi, matibabu. Kesi pia huanzishwa kwa "initiate", na wanasheria huongeza "institute", ambacho kwao ni kufungua shauri rasmi. Nje ya ofisi, "initiate" kina maana ya kumwingiza mtu katika kundi lenye siri na miiko yake, na waandishi wa Kiingereza hukitumia kuelezea jando na unyago.

Kwa taasisi, vitenzi ni "found", "establish" na "set up". Cha kwanza ni kuasisi, na kinatokana na neno la Kilatini la kitako au chini ya kitu, kama msingi wa nyumba. Kinafaa chama, mji, chuo, dini. Kina harufu ya kumbukumbu na majina ya waasisi. Shida yake ni kwamba kinafanana kabisa na wakati uliopita wa "find", kupata. Aliyeasisi shule "founded a school". Aliyeandika "found a school" amesema kwamba mtu huyo alitafuta shule akaipata. Jirani yao wa tatu, "founder", kama kitenzi ni kuzama kwa meli au kuporomoka kwa mpango, ingawa kama nomino ndiye mwasisi mwenyewe. "Establish" husisitiza kwamba kitu kimesimama imara na kina mamlaka. "Set up" ni cha mazungumzo na cha kazi ya mikono: kamati, kibanda cha simu, akaunti. Lakini kikielekezwa kwa mtu maana yake hugeuka kuwa kumtegea mtego.

"Launch" ni binamu wa neno la mkuki na asili yake ni kurusha. Roketi hurushwa, meli hushushwa majini, na kwa njia hiyo bidhaa, kampeni na vitabu vikaingia. Tangu hapo kina ahadi ya mwendo: kilicho-"launched" kimeachwa kiende. "Inaugurate" kilitoka kwa makuhani wa Roma ya kale waliosoma heri na shari katika ndege wanavyoruka kabla ya jambo kubwa, na bado ni kitenzi cha sherehe na kiapo. Rais wa Marekani huapishwa katika "inauguration" tarehe 20 Januari, desturi iliyoanza mwaka 1937. Kabla ya hapo ilikuwa tarehe 4 Machi. Jengo lililotumika mwaka mzima linaweza kufanyiwa "inauguration" leo, kwa kuwa kitenzi kinahusu ibada ya kufungua. "Kick off" ni cha mpira wa miguu na kimeenea hadi semina. "Embark on" ni kupanda chombo, na sasa ni kuingia katika kazi ndefu yenye misukosuko. Anayekitumia kwa kufagia ua anatania.

Meli moja ya Ziwa Tanganyika inaonyesha vitenzi hivi vikifuatana na vile vya kufufua. MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa katika masanduku hadi Dar es Salaam, ikapelekwa Kigoma kwa reli na kuunganishwa upya. Mwaka 1915 ilishushwa ziwani kwa jina la Graf von Götzen, na hapo kitenzi ni "launch". Mwaka 1916 Wajerumani, wakirudi nyuma vitani, waliizamisha wenyewe ili isiangukie mikononi mwa adui. Kiingereza kina kitenzi maalumu cha kuzamisha chombo chako kwa makusudi, "scuttle". Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na vitenzi vya hapo ni "raise", "salvage" au "refloat". Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina jipya la Liemba: ilikuwa "recommissioned". Katika mlolongo huo wote "launch" kimetumika mara moja, kwa kuwa meli hushushwa majini mara moja. "Relaunch" ni kitenzi cha wafanyabiashara, wanapoirudisha sokoni sabuni ile ile katika karatasi mpya.

Miongoni mwa vitenzi vya kurudia, cha kawaida kuliko vyote ni "resume". Kinahusu jambo lililosimama kwa muda, likiwa zima, na sasa linaendelea kutoka pale lilipoachwa. Bunge lililoahirishwa, mechi iliyokatizwa na mvua, mazungumzo ya amani yaliyosimama kwa wiki mbili: vyote hu-"resume". Marudio yamo tayari ndani yake, hivyo "resume again" ni kusema jambo mara mbili, labda liwe limesimama mara ya pili. Nchini Nigeria kitenzi hiki kimepanuka hata mfanyakazi mpya anaulizwa ata-"resume" lini katika kazi ambayo hajawahi kuifanya; kwa Mwingereza swali hilo halieleweki. Nomino iliyoandikwa kwa karibu herufi zile zile, "résumé", ni jina la Wamarekani kwa wasifu wa mwombaji kazi, na hutamkwa kwa silabi tatu.

"Restart" hakiahidi kuendelea palipoachwa. Kompyuta iliyoganda huzimwa na kuwashwa upya, na kazi ambayo haikuhifadhiwa imekwenda. Ndugu yake "reboot" kilitoka kwenye mkanda wa nyuma wa buti na msemo wa mtu kujiinua kwa kuvuta mikanda ya buti zake mwenyewe. Wahandisi wa kompyuta waliupenda kwa sababu mashine inayowaka hujipakia programu zake yenyewe. Watengenezaji wa filamu nao wamekichukua: "reboot" ni kuianza upya hadithi inayojulikana kana kwamba filamu za awali hazikuwepo. Kwa binadamu anayefuta yote na kuanza moja, Mmarekani husema "start over" na Mwingereza "start again".

Mahali hu-"reopen" na shughuli hu-"resume". Uganda ilizifunga shule mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona na kuzifungua kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili baadaye; katika habari ile ile shule "reopened" na masomo "resumed". "Reopen" pia hutumika kwa kesi iliyofungwa na kwa kidonda. "Renew" ni cha vitu vyenye tarehe ya mwisho, kama pasipoti, leseni na bima, na kwa njia hiyo ni cha urafiki na viapo vya ndoa. Makosa hapa hugharimu: mkataba ulio-"renewed" unaanza muda mpya, ulio-"extended" umerefushwa muda wake ule ule, na ulio-"reinstated" ulikuwa umevunjwa kisha ukarudishwa.

"Reinstate" na "restore" hutenganishwa na swali la nani au nini kinarudi. Mfanyakazi aliyefukuzwa na kushinda kesi yake hurudishwa kazini kwa "reinstate": mtu yule yule, kiti kile kile. "Restore" hurudisha hali, mamlaka au uzuri wa awali. Ufalme wa Buganda, uliofutwa pamoja na falme nyingine za Uganda na katiba ya mwaka 1967, ulirudishwa mwaka 1993, na Ronald Muwenda Mutebi II akatawazwa Kabaka wa Buganda tarehe 31 Julai mwaka huo. Kitenzi cha ufalme ni "restore". Kwa Kabaka mwenyewe "reinstate" kisingefaa, kwa kuwa aliyepinduliwa alikuwa baba yake, na yeye hakuwahi kukalia kiti hicho. "Revert" nacho kinahusu kurudi katika hali ya zamani, ila katika barua pepe za ofisi za Nairobi na Dar es Salaam kimepewa kazi ya kujibu. "I will revert" huko ni nitakujibu. Kwa Mwingereza asiyezoea, ni tishio la kurudia tabia za zamani.

Kisha vinakuja vitenzi vya uhai wenyewe, navyo vina ngazi. Chini kabisa ni "rekindle", kuchochea moto uliobaki makaa; ni cha mapenzi, matumaini na uhasama. "Revive" kimejengwa kwa neno la Kilatini la kuishi, na kinamhusu aliyezimia, mmea ulionyauka, uchumi uliodorora, tamthilia ya zamani inayorudishwa jukwaani. Hakidai kifo. Vuguvugu la kidini lililochipuka Gahini, Rwanda, na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika katika miaka ya 1930 na 1940 linaitwa kwa Kiingereza East African Revival, na wenyewe Wakristo wasemao Kiswahili waliliita uamsho. Hakuna aliyesema kanisa lilikufa; lilipoa, likaamshwa. "Resuscitate" ni cha daktari anayembana kifua mtu ambaye moyo wake umesimama, na kikitumiwa kwa kampuni kinaashiria hali mbaya sana. "Resurrect" ndicho cha kaburi. Kiliundwa karne ya 18 kutokana na "resurrection", nomino ya ufufuo iliyokuwapo kitambo, na siku zile wezi waliofukua maiti ili kuwauzia walimu wa udaktari waliitwa kwa kejeli "resurrection men". Biashara yao ilikoma baada ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1832. Leo mtu hu-"resurrect" mpango ambao kila mmoja alikuwa ameshauzika, na mara nyingi msemaji haufurahii.

Ngazi hiyo ina uzito hata katika siasa. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliundwa kwa mkataba wa mwaka 1967, ikavunjika mwaka 1977, na mkataba mpya ukatiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Waandishi wa habari wa Kiingereza husema ilikuwa "revived", na Kiswahili husema ilifufuliwa. Jina rasmi la mkataba wa 1999 halimo katika ngazi hiyo hata kidogo: linataja "Establishment", kuanzishwa. Kisheria hiki ni chombo kipya chenye mkataba wake. Kihistoria na kimoyo ni kile kile kilichoamka. Mwandishi anayetaka kushika pande zote mbili hutumia "re-establish".

Kistari katika neno hilo la mwisho si pambo. Kiambishi "re-" kwa kawaida hushikana na kitenzi, lakini wengi huweka kistari kinapogongana na "e" nyingine, na kila mtu analazimika kukiweka pale ambapo bila yake neno lingekuwa jingine. "Recover" ni kupona na "re-cover" ni kuvisha kiti kitambaa kipya. "Recreate" huponyoka kanuni hiyo: ni kuunda upya au kujiburudisha, kutegemea matamshi. Kurasa za michezo ndizo zilizo hatarini zaidi: mchezaji aliye-"re-signed" ametia saini tena na klabu yake, na aliye-"resigned" amejiuzulu.